Vipimo vya Maji ni Sehemu ya Mtaji

Mfanyabiashara anayetaka kuweka fedha katika madini huuliza kwanza bei ya dhahabu, kisha thamani ya dola, kisha hali ya barabara. Suala la vipimo vya maji huja mwisho, iwapo litakuja kabisa. Kwa Kilosa na Mikumi, mpangilio huo wa maswali una hatari kubwa.

Kilosa haijajijengea jina kwa migodi mikubwa. Ni wilaya ya mpunga, mahindi, mkonge na reli. Mto Mkondoa hupita mjini na kuingia katika mfumo wa mto Wami, unaopokea pia maji ya tambarare ya Mkata, ilipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Huko chini, Wami hunywesha mashamba ya mpunga ya Dakawa na kulisha mradi wa maji wa Chalinze. Maana yake ni kwamba mchimbaji mmoja akichafua maji juu, muuza mchele wa chini hupoteza wateja, ingawa hana hisa hata moja katika mgodi huo.

Mfano wa gharama hizo upo mkoani Mara. Mwezi Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara na kufika mto Tigithe. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6, na Julai likazuia matumizi ya bwawa lake la topesumu. Wakati huo mmiliki wake, kampuni ya Acacia, alikuwa bado ameorodheshwa London na katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Bila shaka mwenye hisa alikuwa na haki ya kujiuliza bwawa hilo lilikuwa likipimwa namna gani.

Kilosa ina jambo jingine la kuongeza katika hesabu, nalo ni mafuriko. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mkondoa ulifurika, ukabomoa reli na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi. Bwawa la mabaki ya mgodi katika bonde la namna hiyo haliwezi kulindwa kwa makaratasi ya ofisini.

Wachimbaji wadogo nao hawamo nje ya suala hili. Wanaokamatia dhahabu kwa zebaki huiacha katika udongo, katika maji na katika samaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mwenye leseni ndogo anatakiwa kuwa na mpango wa kulinda mazingira. Anayemkopesha mchimbaji fedha za pampu na mafuta angefanya vyema kuuona mpango huo kabla ya kutoa hata senti moja.

Wapo wanaosema kwamba vipimo ni gharama inayomkimbiza mwekezaji. Hoja hiyo haisimami. Vipimo vya awali, vinavyochukuliwa kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi, humlinda mwekezaji mwenyewe. Bila hivyo, kila ng'ombe anayekufa na kila kisima kinachobadilika rangi vitahesabiwa kuwa kosa la mgodi, na mgodi hautakuwa na cha kujitetea.

Kwa hiyo, kabla ya kununua hisa au kuingia ubia, mwekezaji mdogo adai mambo matatu: vipimo vya awali vya mito na visima, ratiba ya vipimo vya masika na kiangazi, na matokeo yaliyobandikwa katika ofisi ya kijiji ambako kila mtu anaweza kuyasoma. Kampuni inayoficha takwimu za maji haina sababu ya kuaminiwa katika takwimu za faida.