Kamera Ndogo ya Nyumbani: Jibu kwa Dada wa Litein



Barua tunazozipokea katika ukumbi huu aghalabu hutoka Mombasa, Malindi na Lamu, na nyingi huuliza mambo ya jikoni na malezi. Mwezi uliopita tulipata moja kutoka Litein, kando ya barabara itokayo Kericho kwenda Sotik, kwa dada aliyezaliwa Kisauni na kuolewa huko bara miaka kumi na mmoja iliyopita. Swali lake lilikuwa fupi: anunue kamera gani ndogo ya dijitali, ya kutumia kila siku nyumbani? Tulikusudia kumjibu kwa mistari mitatu. Lakini chini ya swali alikuwa ameandika sababu, na sababu hiyo ndiyo iliyotufanya tuupokee mwaliko wake wa akika na kufunga safari.

Miaka miwili nyuma simu ya wifi yake ilivunjika kioo, ikapelekwa kwa fundi. Ndani yake mlikuwa na picha za usiku wa hina, wanawake watupu bila mwanamume, vichwa wazi, kila mtu kajiachia kama ajiachiavyo kwao. Haukupita mwezi, picha mbili zikaonekana katika simu za watu wasiohusika. Aliyezitoa hakujulikana, wala sisi hatumtafuti. Lililobaki ni kwamba mavyaa wake, bibi aliyevuka miaka sabini, ambaye alikuwamo katika moja ya picha zile, alikataa tangu siku hiyo kupigwa picha kwa simu yoyote, hata na wajukuu wake. Watoto wanakua, bibi anazeeka, na picha yake pekee ya karibuni iliyomo nyumbani ni ile ya kitambulisho.

Tunajua wako wasomaji wetu wasioipendelea picha kabisa, na maulamaa wana maneno yao katika jambo hili. Hapa tunasema na nyumba ambazo picha tayari zinapigwa.

Shida ya dada huyu si ngeni. Siku za studio, kama ile ya Omar Said Bakor iliyokuwa Lamu tangu miaka ya 1960, mpiga picha alikuwa mtu ajulikanaye mtaani, mwenye jina lake la kulinda. Baadaye kamera za filamu ziliingia majumbani, wanawake wakazipeleka wenyewe ndani ya harusi zao. Lakini filamu ilibidi itoke kwenda kusafishwa, na aliyeisafisha aliona yote. Kamera ndogo ya dijitali ilimpa mwanamke picha isiyohitaji kupita mkononi mwa mtu mwingine. Kisha ikaja simu, yenye kamera nzuri na yenye mlango wazi kwa dunia nzima, nasi tukaiweka kamera kabatini bila ya kufikiri tulichokuwa tumekishika. Mwaka 2010 kamera za dijitali zilizotoka viwandani zilipita milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Faida yake kwetu ni moja: kamera njema zilizotumika kidogo zimelala katika makabati ya watu, na wenye jamaa Dubai au Muscat wanaweza kuzipata bila ya kulipa bei ya kitu kipya.

Tulikwenda na kamera mbili za kuazima. Moja ni Olympus TG-6, ya jamaa yetu apelekaye watalii kwenye matumbawe ya Watamu. Ni kamera isiyoingia maji hata ikizama mita 15, nayo haijali kuangushwa. Ya pili ni Sony RX100, ile ya kwanza kabisa iliyotoka mwaka 2012, iliyokuja kutoka Muscat ndani ya soksi.

Muuzaji yeyote atakutajia kwanza megapikseli. Mwache aseme. Megapikseli 9 zinatosha kuchapa karatasi nzima ya A4 kwa uzuri, na siku hizi huipati kamera isiyozifikia. La kuuliza ni ukubwa wa kihisi, kile kibamba kilicho nyuma ya lenzi kinachopokea nuru. Kamera ndogo nyingi, na hiyo TG-6 miongoni mwao, zina kihisi cha milimita 6.2 kwa 4.6 hivi. RX100 ina kihisi kiitwacho cha inchi moja, ambacho kwa hakika ni milimita 13.2 kwa 8.8, hakuna upande wake unaofika inchi, na sababu ya jina hilo waulizwe waliolitoa. Eneo lake, hata hivyo, ni mara nne ya lile la kwanza. Chumbani mwenye taa moja, tofauti hiyo unaiona usoni mwa mtu: kihisi kidogo hutoa uso wenye chembechembe kama uliomwagiwa mchanga, kikubwa hutoa ngozi.

Na huko Kericho giza si la usiku pekee. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba ya chai hadi jua lipande, na mchana, saa nane au tisa, mawingu hufunga na mvua hushuka karibu kila siku, mara nyingine na mawe yake. Ndiyo maana chai imekubali pale. Sisi wa pwani tuliozoea jua la kupasua macho tulishangaa kuwasha taa saa tisa alasiri.

Siku ya akika tulianza na TG-6, kwa kuwa ilikuwa ikinyesha. Wanawake waliketi safu moja barazani na mabuibui yao meusi, tukapiga, na nyuso zikatoka nyeupe kama za wagonjwa. Kisha wanaume na kanzu zao wakasimama uani mbele ya ukungu, tukapiga, na nyuso zikatoka nyeusi kama makaa. Kamera haikuwa mbovu. Kipimo chake cha nuru hudhani kila kitu duniani kina rangi ya wastani, kijivu hivi. Kikiona weusi mwingi huongeza nuru, kikiona weupe mwingi huipunguza. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwenye mabuibui, toa kidogo. Kwenye kanzu na ukungu, jumlisha kidogo. Kwa maoni yetu, kamera ambayo kitufe hicho kimefichwa ndani ya orodha tatu za kioo haiwafai watu wetu, hata ikisifiwa vipi. Wanaoziunda hawakufikiria safu ya mabuibui kumi na mawili.

Kesho yake tulivuka upande wa Bomet, hadi Mogogosiek, kwa jirani Mkipsigis mwenye shamba lake dogo. Tulisalimiana kwa “Chamge”, tukakaribishwa maziwa ya kibuyu, ndipo tukaomba ruhusa ya kumpiga picha akichuma, majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni. Alikubali kwa sharti la kuona kila picha. Ya kwanza alikuwa kafumba macho, akatuamuru tuifute, tukaifuta mbele yake. Mtu akitaka kupiga picha katika mashamba ya makampuni, na aulize getini kwanza. Na wachumaji ni wanawake kama sisi, wana sitara yao, hawakutoka kuwa pambo la safari ya mtu.

Unyevu wa nchi ile una hila zake. Tulipotoka nje kwenye baridi na kuingia jikoni kwenye moto wa kuni, lenzi ilifunga mvuke mara moja. Usiifute kwa leso. Iache ndani ya mkoba wake kwa nusu saa, ipate joto polepole. Kuna na ukungu mwingine, ule unaoota ndani ya vioo vya lenzi kama utando wa buibui, na huo hautoki kwa kufuta. Unaponunua kamera iliyotumika, washa tochi uimulike lenzi kwa upande: ukiona nyuzi nyuzi, mrudishie mwenyewe. Ukiisha kuipata iliyo safi, ihifadhi katika kopo lenye mfuniko uzibao vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Wa Mombasa msicheke. Hewa yetu ya chumvi hufanya kazi ileile. Na nunueni betri ya akiba, kwa maana umeme huko hukatika na mvua.

Turudi kwenye sababu ya safari. Kamera nyingi ndogo zilizotoka tangu mwaka 2013 zina waifai ndani yake (wifi yako yeye hana hatia hapa). Kwa kawaida hazitumi kitu mpaka uziunganishe na simu, lakini mtoto mwenye vidole vyepesi huziunganisha kwa dakika moja. TG-6 inayo, na hata inaweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Mambo hayo huzimwa, ila ni lazima kuwe na mtu wa kukumbuka kuyazima. RX100 ile ya mwaka 2012 haina waifai kabisa. Picha hukaa ndani ya kadi, na kadi hukaa pale ulipoiweka.

Kadi ndiyo amana yenyewe, na tunaomba hili lisikike vizuri. Picha iliyofutwa haijatoweka. Kamera huondoa jina lake tu katika orodha, nayo picha hubaki mpaka nyingine iandikwe juu yake. Mwenye programu ndogo tu ya kompyuta huirudisha. Kwa hiyo usimwazime mtu kadi iliyowahi kubeba picha za ndani, usiiuze pamoja na kamera, na ikiharibika usimpelekee fundi: ikate kwa mkasi. Kadi ya gigabaiti 32 hubeba zaidi ya picha elfu tatu za RX100, basi nunueni mbili, moja ya mambo ya wazi kama shule na safari, moja ya ndani. Mziandike kwa kalamu ipi ni ipi. Jihadharini na kadi za bandia zinazodai gigabaiti nyingi kwa bei ya peremende. Ijaribuni kwa kuijaza kabla ya siku ya shughuli.

Basi jibu letu kwa dada lilikuwa RX100 ile kuukuu, pamoja na mfuko mdogo usiopenya maji, kwa sababu yenyewe mvua haiiwezi. Laiti watoto wake wangekuwa wadogo zaidi na wa kuiangusha kila siku, tungesema TG-6 na kuvumilia chembechembe. Zumu ndefu hatukuijali. Anayetaka uso wa karibu na apige hatua mbili mbele.

Bibi alitutazama siku mbili bila ya kusema. Jioni ya pili, mvua ikipiga mabati, aliiomba kamera, akaigeuza mkononi na kuuliza, “Hii huzungumza na nani?” Tukamwambia, na mtu yeyote. Tukaichomoa kadi tukamwekea kiganjani. Akauliza kama picha zote zimo humo tu. Tukamwambia, humo tu. Akasema, “Basi iwe kwangu.”

Alikaa karibu na dirisha, mtoto wa akika mapajani, mtandio umeshuka mabegani. Tulizima flashi, kwani nuru ya dirisha wakati wa mvua ni laini kuliko taa yoyote, tukapiga picha tatu. Alipoziona kwenye kioo alicheka kwa moja, akainyamazia nyingine kwa muda mrefu. Kisha akaichomoa kadi mwenyewe, baada ya kuonyeshwa mara moja, akaitia ndani ya kibweta chake pamoja na hati ya ndoa yake na mafuta ya udi.

Ilibaki kazi ya kuchapa. Dukani mhudumu huinakili picha kwenye kompyuta yake kabla ya kuichapa, na ikiisha kufika humo huna mamlaka nayo tena. Dada aliazima kwa rafiki kichapishi kidogo cha nyumbani cha aina ya Canon Selphy, kile kinachosoma kadi moja kwa moja bila kompyuta na kutoa picha ya sentimita 10 kwa 15. Bibi alikaa kando yake mpaka karatasi ilipotoka, akairudisha kadi kibwetani.

Dada ametuandikia tena juma hili. Picha imetundikwa chumbani mwa bibi, kwenye ukuta ambao mgeni aketiye sebuleni hawezi kuuona. Bibi anauliza kama tutapanda tena kabla ya Ramadhani, kwa kuwa mjukuu mkubwa hayumo pichani. Siku ile alikuwa chuoni, na tangu hapo hajaacha kulalamika.