Magari ya gesi Tanzania: mtungi mpya, injini kuukuu

Katika jiji la Dar es Salaam, foleni ndefu za magari nje ya vituo vya gesi asilia zimekuwa jambo la kawaida katika miaka ya karibuni. Wengi wanaosubiri humo ni madereva wa teksi, wa bajaji na wa magari madogo yaliyotumika Japani kabla ya kuingizwa nchini. Magari hayo yaliundwa kutumia petroli, kisha yakafungwa mtungi na mfumo wa pili wa gesi. Unafuu wa bei hauna ubishi. Linalojadiliwa kidogo ni hali ya injini zenyewe, ambazo nyingi zina umri mkubwa, na nani anayezitengeneza zinapoanza kusumbua.

Tanzania iligundua gesi katika kisiwa cha Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Gesi ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, hasa kwa ajili ya kuzalisha umeme, na miaka michache baadaye magari ya kwanza yakaanza kuitumia. Kwa muda mrefu idadi yake ilikuwa ndogo. Msukumo mkubwa ulitokana na kupanda kwa bei ya mafuta kufuatia vita vya Ukraine: mwezi Agosti 2022 lita moja ya petroli jijini humo ilipita shilingi 3,400.

Hesabu ya dereva ni nyepesi. Kilo moja ya gesi asilia ina nguvu inayokaribia ile ya lita 1.4 za petroli, na imekuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 1,550. Petroli ikiwa shilingi 3,000, dereva anayetumia lita 10 kwa siku hutoa shilingi 30,000. Kwa gesi angetoa takriban 11,000. Iwapo kufunga mfumo kumemgharimu shilingi milioni 2, fedha hiyo hurudi kabla ya miezi minne ya kazi kutimia. Hesabu hiyo, hata hivyo, haiweki saa za kusubiri kwenye foleni, wala haiweki matengenezo.

Gesi hufichua udhaifu

Mafundi wanaofahamu mifumo hii hukubaliana juu ya jambo moja: gesi haisamehe injini iliyochoka. Mchanganyiko wa gesi na hewa huhitaji cheche yenye nguvu zaidi kuliko ule wa petroli. Plagi iliyolika au koili iliyodhoofu inaweza kuendesha gari kwa petroli bila dalili yoyote, lakini likihamia kwenye gesi huanza kukohoa, hasa linapopanda mlima. Mwenye gari hulaumu mtungi, ilhali kasoro ilikuwapo tangu awali.

Kasoro ya pili hutokea kwenye regyuleta, kifaa kinachoshusha shinikizo la gesi kabla haijaingia kwenye injini. Ndani ya mtungi uliojaa, gesi husukumwa kwa shinikizo la takriban mara 200 ya lile la hewa ya kawaida. Inapotanuka kwa ghafla hupoa sana, na ndiyo maana maji ya moto ya rejeta hupitishwa kwenye regyuleta ili isigande. Gari linalovuja maji litaonyesha ugonjwa wake hapo: regyuleta hushika barafu, nguvu hupungua, na injini huweza kuzimika. Kuongeza maji kila asubuhi bila kutafuta panapovuja ni kuahirisha tatizo tu.

La tatu huja polepole. Gesi huungua ikiwa kavu, na katika baadhi ya injini za zamani vikalio vya vali hulika haraka zaidi. Nafasi ya vali hubana, kompresheni hushuka, na gari huwa gumu kuwaka. Kupima nafasi hiyo kwa wakati ni kazi ya gharama ndogo. Kufungua kichwa cha injini baada ya vali kuungua ni mzigo mzito.

Swichi kama kipimo

Hata hivyo, gari lenye mafuta ya aina mbili lina faida ambayo gari la petroli pekee halina. Swichi ya kubadilisha mafuta ni kipimo kilicho tayari ndani ya gari. Injini ikisumbua kwa petroli na kwa gesi, kasoro imo katika vitu vinavyotumiwa na mifumo yote miwili: plagi, koili, filta ya hewa, kompresheni au vihisio vya injini. Ikisumbua kwa gesi pekee, macho yaelekee kwenye kiasi cha gesi kilichobaki, filta ya gesi, regyuleta na nozeli zake, bila kusahau cheche dhaifu. Ikisumbua kwa petroli pekee, anayetiliwa shaka ni pampu, filta ya petroli au nozeli zilizoziba.

Kipimo hicho hakihitaji kompyuta, nacho humwepusha mwenye gari na fundi anayebadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha. Nyumbani anaweza pia kusafisha filta ya hewa, kukagua plagi, kutazama maji ya rejeta, na kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya mabomba: povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja. Moto wa kiberiti usitumike kamwe kutafuta uvujaji.

Mpaka wa kazi ya nyumbani uko pale shinikizo kubwa linapoanzia. Mtungi, vali yake na bomba linaloufikisha kwenye regyuleta si vitu vya kulegezwa kwa spana uani. Ukivuja, vali ya mtungi ifungwe, gari likae mahali penye hewa, na fundi aliyefunzwa aitwe. Hatari kubwa zaidi ni kudhani kwamba gesi asilia na gesi ya kupikia ni kitu kimoja. Mtungi wa jikoni hukaa katika shinikizo dogo mno kulinganisha na la gesi asilia, na hauwezi kuistahimili. Tena gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa na hupaa, ilhali ya kupikia ni nzito na hutuama chini, ndani ya gari au kwenye shimo la gereji.

Petroli iliyosahauliwa

Tatizo jingine hutokana na ubahili. Kwa kuwa gesi ni nafuu, madereva wengi huacha tangi la petroli karibu tupu. Katika magari mengi ya kisasa pampu ya petroli imo ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe. Katika baadhi ya mifumo huendelea kuzunguka hata gari linapotumia gesi. Ikikauka, huungua. Petroli inayokaa miezi kadhaa nayo huchakaa na kuacha utando kwenye nozeli. Robo ya tangi, na mwendo mfupi wa petroli kila wiki, hulinda vyote viwili.

Kwa nchi jirani, hoja hii ina uzito wa pekee. Mtandao wa vituo vya gesi asilia bado umejikita Dar es Salaam na maeneo ya karibu. Gari lililofungwa mfumo huo likiuzwa na kuvuka mpaka wa Kobero kuingia Burundi, au wa Rusumo kuingia Rwanda, hurejea kutegemea petroli, yaani ule upande uliopuuzwa kwa miaka. Burundi imepitia uhaba mkali wa mafuta, hata baadhi ya wakazi wa Bujumbura wakavuka hadi Uvira kuyatafuta. Mnunuzi huko hawezi kumudu gari linalokunywa petroli kupita kiasi kwa sababu nozeli zake zimeziba. Kabla ya kulipa, inafaa aliendeshe kwa petroli tupu kwa muda wa kutosha, na adai karatasi za mtungi zinazoonyesha tarehe ya kuundwa na ya kupimwa mara ya mwisho.

Tanzania imepiga hatua ambayo majirani wengi wanaitamani, kwa kuwa nishati hiyo inatoka katika ardhi na bahari yake. Kadiri mitungi iliyofungwa inavyozeeka, uzito utahama kutoka idadi ya magari yanayobadilishwa hadi ukaguzi wake wa mara kwa mara na mafunzo ya mafundi wa mitaani, ambao ndio huitwa kwanza gari linapozimika. Vituo vipya vitapunguza foleni, lakini havitampa fundi huyo kipimo cha shinikizo wala ujuzi wa kukitumia, na bila hivyo abiria wa teksi ataendelea kuketi mbele ya mtungi ambao hakuna anayejua ulipimwa lini.