Upepo wa Tairi Hupimwa Alfajiri



Gari la familia linapopasukiwa tairi barabarani, maneno ya kwanza kusikika ni kwamba ajali haina kinga na yaliyoandikwa hayafutiki. Sisi tunaiamini kadari, kheri yake na shari yake, wala imani ya Muislamu haikamiliki bila hiyo. Lakini kuiamini kadari hakumwondolei mtu wajibu wa kutunza kilicho chini ya uwezo wake. Mtu aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo amfunge ngamia wake au amwache huru na kutegemea, alielekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Kipando cha wengi wetu leo ni gari, na sehemu ya kamba yake ni upepo uliomo ndani ya matairi manne. Wiki hii tunapenda kuizungumzia kamba hiyo, kwa sababu ipo desturi katika safari zetu inayofanywa kwa nia njema kabisa, nayo inawahatarisha wake, watoto na wazee tunaowapakia.

Desturi yenyewe ni hii. Familia imeondoka Dar es Salaam baada ya Alfajiri kuelekea Lindi, kwenye harusi au msiba. Matairi yalipimwa nyumbani yakiwa na upepo wa 33, kwa kipimo cha paundi ambacho mafundi wetu hukitaja kwa namba tu. Saa sita mchana, lami ikiwa inawaka, wanasimama Nangurukuru kwa swala na chakula. Mmoja wao anaomba geji, anapima, anakuta 38. Wote wanashtuka: tairi limejaa kupita kiasi, litapasuka kwa joto! Upepo unatolewa mpaka geji isome 33 tena, na safari inaendelea kwa moyo mtulivu. Hakuna aliyefanya uzembe hapo. Wote walikuwa wakiwahurumia abiria wao. Lakini tairi lililokuwa salama ndilo sasa limetiwa kasoro.

Sababu yake ni jambo ambalo wanasayansi wamelijua kwa zaidi ya miaka 300. Mfaransa Guillaume Amontons, mwishoni mwa karne ya 17, alionyesha kwamba hewa iliyofungiwa mahali pasipoweza kutanuka, ikipashwa moto, huzidi nguvu ya kusukuma kuta zilizoizunguka. Tairi ni mahali kama hapo. Kwa tairi la gari dogo, kila joto likizidi nyuzi 10 za Selsiasi, kipimo hupanda kwa paundi moja na nusu hivi. Likipungua nyuzi 10, hushuka kwa kiasi hicho hicho. Dodoma mwezi Julai, alfajiri joto huwa karibu nyuzi 14, na alasiri hufika 27 hivi. Gari lililolala uani bila kuguswa litasoma paundi mbili pungufu alfajiri kuliko alasiri, ingawa halijavuja hata kidogo.

Gari likitembea, joto la jua huongezewa joto la mwendo. Kila tairi linapozunguka, sehemu inayogusa lami hubonyea kisha hujinyoosha, na kule kubonyea na kujinyoosha huupasha mpira moto. Kwa hiyo tairi lililopimwa 33 katika ubaridi wa alfajiri kusoma 37 au 38 baada ya mwendo mrefu ni jambo la kawaida. Watengenezaji wanalijua, nao wamelitengeneza tairi listahimili ongezeko hilo. Kipimo wanachotuandikia ni cha tairi lililopoa.

Turudi sasa kwa familia yetu. Upepo ulioachwa 33 wakati hewa ndani ya tairi imefika nyuzi 55 hivi, keshoye alfajiri katika nyuzi 24 utasoma karibu 28. Hilo ndilo tairi litakalobeba safari ya kurudi, watu watano na mizigo yao, na pengine gunia la nazi la zawadi juu yake. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea zaidi. Likibonyea zaidi hupata joto zaidi. Na joto likikithiri huulegeza mpira ulioshikamana na nyuzi za chuma, mpaka tabaka la juu libanduke gari likiwa katika mwendo. Kwa hiyo aliyetoa upepo ili kuepuka joto amelialika joto lenyewe.

Hili si la kufikirika. Mwezi Agosti 2000, kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5, mengi yakiwa katika magari ya Ford Explorer, baada ya tabaka la juu kubanduka safarini na magari kupinduka. Nchini Marekani peke yake vifo zaidi ya 200 vilihusishwa na matairi hayo. Kazi ya kuyabadilisha ilianzia katika majimbo ya joto, yakiwemo Arizona na Texas. Na mwaka mmoja kabla ya hapo, Ford ilikuwa imeanza kuyabadilisha nchini Saudi Arabia. Ubora wa matairi yenyewe ulilaumiwa, lakini upepo nao ulikuwa katikati ya mzozo: Ford ilikuwa ikipendekeza 26, na Firestone ikataka 30. Baada ya msiba huo Marekani iliweka sheria iliyofanya magari madogo mapya yawe na taa ya kumwonya dereva upepo unapopungua. Wenye magari ya namna hiyo huiona taa hiyo ikiwaka asubuhi ya baridi, kisha ikizimika baada ya mwendo. Wasiipuuze kwa kuwa imezimika. Tairi limepashwa moto tu, upungufu ungalipo.

Basi tufanye nini? Wakati bora wa kupima ni ule ambao Muislamu tayari yu macho: baada ya swala ya Alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha na jua halijaligusa. Ikishindikana, liwe limesimama saa tatu kivulini, au halijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu. Tununue geji yetu wenyewe na tuitumie hiyo hiyo kila mara. Tupime mara moja kwa mwezi na kabla ya kila safari ndefu, bila kulisahau tairi la akiba. Kazi hii haihitaji nguvu. Mama wa nyumba anaiweza, na kijana wa miaka 12 akifundishwa ataifanya kwa furaha.

Namba ya kufuata ipo kwenye kibandiko katika nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, na kibandiko huandikwa kwa kipimo cha kPa: 220 ni sawa na paundi 32, 230 ni 33, na 250 ni 36. Ikiwa kibandiko kinataja namba ya juu zaidi kwa gari lenye mzigo, tuifuate siku ya kupakia familia nzima. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni ukomo wa juu kabisa, wala si ya kujazia. Kuzidisha upepo nako kuna madhara yake: tairi hushika barabara kwa sehemu ndogo, na shimo moja laweza kulipasua.

Wapo wanaouziwa naitrojeni kwa kuambiwa kwamba haipandi kwa joto. Hewa tunayojaza kila siku ni naitrojeni kwa asilimia 78, na naitrojeni tupu hupanda na kushuka kwa kanuni ile ile. Faida yake ni kwamba huwa kavu na huvuja polepole zaidi, lakini haimwondolei mtu haja ya kupima.

Na tukiwa njiani, tukikuta geji inasoma juu kwa paundi nne au tano mchana wa jua kali, tuliache tairi kama lilivyo. Tukilikuta limepungua ingawa ni la moto, hapo ndipo pa kuwa na hofu: limevuja, na lijazwe na kukaguliwa kabla ya kuendelea. Tukiwa na shaka kwamba lilijazwa kupita kiasi, tungoje lipoe ndipo tulipunguze.

Abiria wetu ni amana tuliyokabidhiwa na Allah (S.W.). Tusome dua ya safari kama tulivyofundishwa, nayo itukute tumekwisha kupima matairi.

Wabillaahi tawfiiq.