Kupunguza ukurasa si kubana kila kitu

Jameni, hili limeniuma. Juzi hapa Kericho tulipewa kijitabu cha mkutano wa wakulima wa majani chai, kilichopunguzwa kutoka A4 hadi A5. Aliyekipanga alibana kila kitu kwa pamoja. A4 na A5 zina umbo moja, kwa hiyo kwenye kioo cha kompyuta yake mambo yalionekana sawa kabisa. Lakini hapo vipimo hushuka hadi asilimia 71: herufi za pointi 10 zikawa 7. Mzee aliyekaa kando yangu akaniomba nimsomee jedwali la kilo na bonasi. Pesa zake mwenyewe!

InDesign ina Liquid Layout tangu toleo la CS6, mwaka 2012. Nembo unaifunga ukingo wa juu, namba ya ukurasa chini, fremu ya maneno unaiacha ibadilike upana, na herufi zinabaki pointi 10. (Safu za jedwali rekebisha kwa mkono, haizigusi.) Kurasa zitaongezeka, ndiyo. Lakini karatasi moja ya A4 ukiikunja katikati unapata kurasa 4 za A5. Na picha ya mwenyekiti ilikuwa imejaza ukurasa mzima.