Kaseti za Kale na Mnada wa Gizani

Mwezi wa Julai mwaka 2021, katika mji wa Dallas huko Marekani, kaseti moja ya mchezo wa video uitwao Super Mario 64, iliyotoka kiwandani mwaka 1996 na ambayo haijapata kufunguliwa katika nailoni yake, ilinadiwa ikafika dola 1,560,000. Najua, ndugu msomaji, kuwa hapo umerudi ukasoma mara ya pili. Lakini leo sitaki tumshangae tajiri. Mali ni yake na hesabu ni yake. Nataka tumtazame mnyonge anayefuata nyuma: mtu wa mshahara wa kawaida, awe wa Marekani au Uingereza, anayetafuta kwa dola 30 au 40 mchezo aliouchezea utotoni; na muuzaji wa kawaida kama yeye, anayeutoa uvunguni mwa kitanda ili umpatie chochote. Wawili hawa hukutana katika mnada wa intaneti, na mara nyingi huachana kila mmoja akimlaumu mwenziwe.

Nasema nionavyo tangu mapema. Wengi huilaumu tamaa, lakini tamaa imo katika kila soko tangu masoko yalipoanza. Ila ya mnada huu ni kwamba umejengwa gizani, ilhali wenye soko wanaweza kuwasha taa wakitaka. Na ukiniuliza yatuhusu nini sisi watu wa pwani, nitakujibu kuwa mnada tuliusoma chuoni kabla ya kuuona kwenye kioo, na vijana wetu nao siku hizi hununua kwa mtindo huu huu vitu vya kila namna.

Michezo yenyewe ina umri wake. Mashine ya Atari 2600 ilitoka mwaka 1977. Ya Nintendo ilitoka Japani mwaka 1983 ikaingia Marekani mwaka 1985, na PlayStation ya Sony ikafuata Desemba 1994. Watoto waliozichezea sasa ni watu wazima wenye mvi za kwanza. Kaseti zile hazitengenezwi tena. Zilizobaki ndizo hizo, na kila mwaka nyingine huharibika au hutupwa. Kitu kikipungua na wakitakao wakazidi, bei hupanda, na hilo halihitaji mwalimu.

Soko kubwa la vitu hivi ni eBay, iliyoanzishwa na Pierre Omidyar huko California mwezi wa Septemba mwaka 1995. Kitu cha kwanza kuuzwa pale kilikuwa kijikurunzi cha miale ya leza kilichovunjika, kikapata dola 14.83. Yasimuliwa kuwa Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama amefahamu kuwa kitu chenyewe ni kibovu, naye akajibu kuwa yeye hukusanya vibovu vya aina ile. Lau wauzaji wote waliofuata wangaliuliza swali hilo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Maana siku hizi swali hilo limegeuzwa likawa neno moja linalowaudhi wanunuzi kuliko yote: "haijajaribiwa". Muuzaji huonyesha picha ya mbele ya kaseti, ya nyuma hana, kisha huandika chini kuwa kitu hakijajaribiwa kwa kuwa yeye hana mashine ya kukijaribia, na kwamba chauzwa kama kilivyo. Ajabu ni kuwa katika picha ya pili kaseti imelazwa juu ya mashine ile ile. Mnunuzi mzoefu hulisoma neno hilo kwa maana yake ya ndani: imejaribiwa, ikakataa. Wajapani, katika mnada wa Yahoo wa kwao, wana uungwana zaidi. Kitu cha namna hii huandikwa waziwazi kuwa ni takataka, usije ukalalamika. Bei yake hushuka kwa kiasi cha ubovu wake, na aliyekinunua amejua alinunualo.

Hata neno "inafanya kazi" lina mashimo yake. Mchezo wa The Legend of Zelda uliotoka Marekani mwaka 1987, ule wa kaseti ya rangi ya dhahabu, una betri ndogo ndani inayohifadhi mahali mchezaji alipofikia. Betri ina ajali yake kama sisi sote. Kaseti za Pokémon Gold na Silver, zilizotoka Japani mwaka 1999, betri zake hufa mapema zaidi, kwa sababu ndani yake mna saa inayokwenda usiku na mchana hata mashine ikiwa imezimwa. Kaseti kama hiyo ukiitia itawaka, picha itatokea, muuzaji ataapa kuwa yafanya kazi, na hatakuwa amesema uongo. Ila atakayecheza siku nzima akazima akalala, kesho ataanza upya kana kwamba hakuwahi kuigusa.

Kisha kuna za bandia. Kaseti za Pokémon zimeigizwa mno, Emerald hasa, na lebo zake zimepigwa chapa vizuri kiasi cha kumbabaisha asiyezoea. Aghalabu njia ya yakini ni kuifungua na kuutazama ubao wa ndani, ulivyoandikwa na ulivyounganishwa. Lakini skrubu za Nintendo nyingi zina kichwa cha peke yake ambacho bisibisi ya nyumbani haikiwezi, basi muuzaji ana udhuru wake mkononi: sikufungua kwa kuwa sina cha kufungulia.

Waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa sana katika mwambao huu, wataukumbuka mlango wa khiyari ya kasoro. Muuzaji akishurutisha kuwa amejivua na kila ila ya kitu, sharti lake, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu yetu ya Shafii, halimvui ila katika ila ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Sababu yake ni kuwa mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, na maradhi yake huweza kumfichika hata aliyemfuga. Kaseti haili majani. Kwa hivyo mwenye kuandika "kama ilivyo, hairudi" akidhani ameshamaliza kazi yake na Mola wake, na atafute mwalimu amsomee ukurasa huo.

Giza la pili ni la watu, na hili ndilo kubwa. Katika mnada wa samaki hapa kwetu, dalali husimama, changu na tasi wamemwagwa chini, wanunuzi wamemzunguka. Unamwona kila anayepandisha. Huyu ni mwenye hoteli, yule ni mama karanga anayetafuta vya kukaanga jioni, na yule pale ni shemeji yake mwenye samaki, basi mtazame vizuri. Katika eBay majina ya wenye kutia dau hufichwa: utaona herufi moja, nyota tatu, na herufi nyingine. Shemeji wa muuzaji hufanana na nyota zote.

Kuzidishiana bei si haramu kwa asili yake. Katika riwaya ya Anas iliyomo katika Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) mwenyewe alinadi tandiko na bakuli, mmoja akatoa dirhamu moja, mwingine akatoa mbili, akauziwa huyo wa mbili. Lililokatazwa, kwa hadithi ya Ibn Umar katika Bukhari na Muslim, ni najshi: mtu kupandisha bei naye hana nia ya kununua, ili mwingine anase. eBay nayo huikataza katika kanuni zake, na serikali za watu haziichezei. Mwaka 2010 mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimtia hatiani mtu aliyekuwa akijinadia mali yake mwenyewe katika eBay kwa jina jingine, gari lake likiwamo. Lakini anayekamatwa ni mmoja, na kaseti zinazonadiwa hazina idadi.

Hapa nawaomba wanazuoni wetu wanitazamie jambo. Katika Minhaj hiyo hiyo, najshi ikitokea, biashara husihi na dhambi ni ya mpandishaji. Na kwa kauli iliyo sahihi zaidi mnunuzi hana khiyari ya kurudisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyezembea, hakutazama wala hakuwauliza wajuzi. Hukumu hiyo ni ya haki kabisa katika soko lenye jua. Walakini aliyefichwa nyuso za washindani wake, na bidhaa akaonyeshwa upande mmoja, amezembea wapi? Sijitii ufakihi, lakini naona kwamba kwa masoko ya namna hii, kauli ya wafuasi wa Imam Malik waliompa mnunuzi khiyari iko karibu zaidi na uadilifu.

Tena kuna mambo ya saa. Mnada wa eBay hufungwa kwa sekunde iliyotajwa tangu mwanzo, hata kama watu kumi bado wana fedha mkononi. Matokeo yake ni kuwa wajanja hunyamaza wiki nzima, kisha hupiga dau katika sekunde tano za mwisho, wengine kwa programu zilizotegwa wao wakiwa wamelala. Aliyeongoza siku sita huamka amenyang'anywa, na hana tena wakati wa kujibu. Wataalamu wawili wa uchumi, Alvin Roth na Axel Ockenfels, walilichunguza jambo hili katika makala yao ya mwaka 2002. Waliulinganisha mnada wa eBay na ule wa Amazon wa siku zile, ambao ulijiongezea dakika kila lilipoingia dau la mwisho, wakakuta kuwa desturi ya kuvizia ilikuwa kubwa mno kule kwenye saa isiyosogea. Katika mnada wa Yahoo wa Japani muuzaji huweza kuchagua muda uongezeke wenyewe dau likiingia mwishoni. Dalali wa samaki hakusoma makala hayo, lakini hasemi imekwisha mpaka auzungushe macho umati wote na kuuliza tena kama yupo wa kuzidisha.

Wenye kuutetea mtindo wa eBay husema: taja tangu mwanzo kiwango chako cha juu, mashine itakupandishia kidogo kidogo kila utakapozidiwa, na mvizia hatakuweza ila akulipe hasara. Hoja hii ina nguvu, siidharau. Ila inamtaka mtu ajue thamani ya kitu asichokishika, na ikiwa mna najshi ndani, kiwango chako ulichokificha ndicho hasa anachokipapasa shemeji, dola moja moja, mpaka akikaribie.

Muuzaji naye ana kilio chake, na nisipokitaja nitakuwa nimepima kwa kibaba kilichotoboka. Hushinda mnada mtu asiyelipa kabisa, na siku kadhaa zikapita bure mpaka auvunje aunadi upya, washindani wa kwanza wakiwa wameshanunua kwingine. Mwingine hulipa, akapokea kaseti nzima, akarudisha mbovu yake akidai ndiyo aliyoletewa. Na katika ugomvi wa "haikuwa kama ilivyoelezwa" mizani humlalia mnunuzi. Tangu mwaka 2008 muuzaji hawezi hata kumwandikia mnunuzi sifa mbaya ili wenziwe wajihadhari. Juu ya hayo, huko Marekani soko hukata kiasi cha asilimia 13 ya bei, nauli ya posta ikiwamo katika hesabu. Hata hivyo mnada una kheri yake kwake. Mwaka 2010 mwanamke mmoja wa North Carolina alitia eBay mashine kuukuu ya Nintendo na kaseti zake, dau likapanda hadi dola 13,105, kwa kuwa mlikuwa na mchezo uitwao Stadium Events pamoja na boksi lake, ambao ni adimu kwelikweli. Lau angaliupeleka kwa mwenye duka, sijui angalirudi nyumbani na nini.

Ubaya ni kuwa kila mwenye boksi la vumbi sasa anajiona ni huyo mwanamke. Super Mario 64 niliyoanza nayo si adimu hata kidogo, iliuzwa zaidi ya nakala milioni 11 duniani. Adimu ni ile nailoni isiyopasuliwa. Lakini habari ya mamilioni ilipotangazwa, bei za kaseti zilizochakaa, zilizoandikwa jina la mtoto kwa kalamu, zilipandishwa na watu waliosoma kichwa cha habari wasisome habari yenyewe.

Wasemao kuwa ukweli huua bei, nawapeleka Alamogordo, jimbo la New Mexico. Huko, mwezi wa Septemba mwaka 1983, kampuni ya Atari ilikwenda kuzika jaani malori ya bidhaa zilizoikalia, na miongoni mwao mchezo wa E.T., uliotungwa kwa wiki tano hivi ukachukiwa na wengi. Zikamwagiwa zege juu. Mwezi wa Aprili mwaka 2014 shimo likafukuliwa, zikatolewa kaseti kiasi cha 1,300, na baraza la mji likazinadi nyingi katika eBay. Hakuna aliyeandika "haijajaribiwa". Waliandika kuwa zimetoka jaani, kila moja na nambari yake na hati ya kuthibitisha, zikiwa zimebonyea na kuchakaa kwa miaka 30 ya udongo. Kaseti moja ya E.T. ilifika dola 1,535, na kwa jumla mji ulipata zaidi ya dola 100,000.