Nguvu ni Akiba

Kijana msomaji, kuna uongo mmoja unaotembea katika shule zetu, kutoka Runyenjes hata Maua, nao una nguo mbili. Nguo ya kwanza ni maneno ya mvivu: "Mimi ni mtu wa vitabu, mwili nitautengeneza baada ya mtihani." Nguo ya pili ni maneno ya mwenye pupa: "Nipeni chuma kizito kuliko vyote nikinyanyue leo, watu waone." Wa kwanza ataka kuvuna bila kupanda, wa pili ataka kupanda asubuhi na kuvuna jioni. Wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja. Hawajui kwamba nguvu ni akiba, na akiba haiwekwi kwa siku moja.

Tuanze na mwenye pupa, maana yeye walau ametoka kitandani. Wamjua. Huonekana nyuma ya maduka ya soko wakati wa likizo, mahali ambapo vijana wamechomeka bomba la chuma katika mikebe miwili iliyojazwa saruji. Sina neno baya juu ya chombo hicho. Ni kizuri, tena gharama yake ni ndogo. Neno langu ni juu ya matumizi yake. Mwenye pupa hufika mara moja kwa mwezi. Hutafuta mzigo ulio mkubwa, hukaza meno, huupandisha mara moja kwa mgongo uliopinda, kisha hutazama kulia na kushoto ajue ni nani aliyemwona. Kesho yake hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Juma la pili amesahau kwamba aliwahi kufika.

Sasa hesabu unayofundishwa darasani na itusaidie. Kijana mmoja anyanyua kilo 80 mara moja, kisha aenda zake. Jumla ya kazi yake ni kilo 80. Mwenzake achukua kilo 20, azinyanyua mara 10, apumzika, arudia hivyo mizunguko 5. Huyu amenyanyua kilo 1,000. Akifanya hivyo siku 3 kwa juma, kwa majuma 10, atakuwa amenyanyua kilo 30,000, nazo ni tani 30, shehena ya lori kubwa. Wala hapana mtu aliyempigia makofi.

Na mwili hufuata hesabu hiyo. Msuli uliofanyishwa kazi mara nyingi, kisha ukalishwa na kulazwa, hujijenga kuwa imara kuliko ulivyokuwa. Kano zinazoufunga msuli kwenye mfupa hukomaa polepole kuliko msuli wenyewe, na kwa sababu hiyo mwenye pupa huumia viungo kabla ya kupata nguvu. Sisemi kwamba mzigo mzito hauna siku yake. Unayo; lakini siku hiyo huja kwa yule aliyekwisha kuweka akiba, aliyeongeza uzito kidogo kidogo, chini ya macho ya mwalimu anayejua kazi yake. Bandu bandu huisha gogo.

Ukitaka ushahidi, usiende mbali. Panda kutoka mji wa Embu kuelekea Mlima Kenya mpaka chuo cha ualimu cha Kigari. Hapo, katika miaka ya 1990, timu ya Kenya ya mbio za nyika ilikuwa ikipiga kambi kabla ya mashindano ya dunia. Wanariadha wale walikimbia hata mara tatu kwa siku moja, katika vilima vile vile ambavyo wewe hulalamika kuvipanda ukirudi nyumbani. Kuanzia mwaka 1986 hata mwaka 2003, timu ya wanaume ya Kenya ilitwaa ushindi wa dunia mara 18 mfululizo, pasipo kukosa mwaka hata mmoja. Dunia iliuona ushindi; vilima vya Embu viliiona kazi. Mbio si vyuma, utaniambia. Ni kweli, lakini sheria ni moja, nayo ni wingi wa kazi iliyopimwa, iliyorudiwa siku baada ya siku.

Nakugeukia wewe wa vitabu. Wasema huna nafasi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawataka watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wautumikishe mwili dakika 60 kwa siku kwa wastani, na siku 3 au zaidi katika juma wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Huo si muda wa kuibia masomo. Wala usiwasifu wale wanaofuta kipindi cha michezo kila mtihani ukaribiapo, wakidhani wameokoa saa. Mwanafunzi asiyejifunza kushika zamu ya mwili, aghalabu hashiki zamu ya kitabu pia. Mkesha wa usiku mmoja kabla ya mtihani ni nini, kama si kilo 80 za mara moja? Mwenye pupa wa vyuma na mwenye pupa wa vitabu ni ndugu wa tumbo moja.

Wengine husema kwamba kunyanyua mizigo ni kazi ya wavulana, na msichana hana haja nayo. Neno hili ni la kuchekesha likisemwa Meru, na ni la aibu likisemwa na mtoto aliyelelewa na mama wa Meru. Ni nani basi aliyeubeba mzigo wa kuni na mtungi wa maji katika miinuko hii miaka yote? Mwaka 1986 wataalamu walitangaza katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kenya, Wajaluo wabebao kichwani na Wakikuyu wabebao mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso, kama wabebavyo akina mama wengi wa Embu na Meru. Walikuta kwamba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili hauwaongezei gharama ya mwendo. Mwanamke wa kilo 60 aweza kutembea na kilo 12, na mwili wake usitumie nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Huenda hayo ni matunda ya mazoea ya tangu utoto.

Lakini tusijidanganye. Mama hakuuchagua mzigo ule. Hana siku ya kupumzika iliyoandikwa ukutani, hapati mlo wa ziada, na uzito wake hupangwa na mahitaji ya nyumba, haupangwi na mwalimu. Kazi nyingi isiyo na kipimo humaliza mgongo. Kazi nyingi yenye kipimo huujenga. Kwa hiyo kijana anayenyanyua kilo 1,000 za saruji jioni, kisha akamwacha mama yake apande bonde na kuni peke yake, hajaijua nguvu ni kitu gani. Amejipatia mabega, hajajipatia utu. Mzunguko wako wa kwanza na uwe mtungi wa nyumbani, saruji itakungoja.

Utaniuliza: nitadumuje? Usitegemee hamu. Hamu ni mgeni. Desturi ndiyo mwenye nyumba. Hamu haitoki nje katika ukungu wa Julai, wala haitoki mvua ya Aprili ikigeuza njia kuwa tope. Chagua siku zako tatu na saa yako, uziandike, uzitii kama unavyoitii kengele ya shule. Andika pia ulichonyanyua, maana daftari halijui kujisifu. Siku ukiwa mchovu, punguza uzito, usifute zamu. Kiungo kikiuma, acha, ukamwambie mkubwa. Na mtu akikuuzia unga wa mkebe au sindano ya kukupa mwili wa mwaka mmoja kwa mwezi mmoja, mjue: ni yule yule mwenye pupa, sasa amefungua duka.

Wahenga walisema akiba haiozi. Katika jambo hili moja sikubaliani nao. Akiba ya nguvu huoza isipoongezwa, na majuma machache ya uvivu hula jasho la miezi. Ndiyo sababu haitoshi kuwa hodari jana. Chombo kiko nyuma ya soko, mtungi uko nyumbani, na kilima kiko mbele ya mlango wako. Kesho alfajiri hakuna atakayekutazama. Ondoka.