Simamisheni Hiyo Harambee ya PhD

Wiki hii nimepata barua pepe tatu kutoka kwa vijana wa huku kwetu Kitui, wahandisi na watu wa kompyuta kama mimi, wote wakiuliza jambo moja: pesa za kwenda kusoma PhD ng'ambo zinatoka wapi? Mmoja anasema familia imeanza kupanga harambee.

Jamani, simamisheni hiyo harambee.

Uholanzi, nafasi ya utafiti wa udaktari ni kazi. Inatangazwa kama kazi nyingine yoyote, ina mkataba wa takriban miaka 4 na mshahara. Ujerumani nako nafasi nyingi za uhandisi ziko hivyo. Marekani unaomba kwa idara, na idara nzuri ya uhandisi ikikuchukua kwa PhD kwa kawaida inakulipia karo na kukupa posho, nawe unafundisha au unatafiti. Sasa huyo ajenti anayetaka umlipe ndipo "akutafutie nafasi" anauza nini? Tangazo liko wazi kwenye tovuti ya chuo!

Gharama zipo, sikatai. Mtihani wa IELTS au TOEFL unapita dola 200 (nasi tumefundishwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, hapo huwa nakasirika kidogo). Lakini uliza kwanza. Kuna vyuo vinavyokubali barua ya chuo chako kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza, na baadhi ya vyuo vya Marekani husamehe ada ya maombi ukiomba mapema.

Tatizo kubwa naliona kwenye barua zenyewe. "Mimi ni kijana mwenye bidii", imetumwa kwa maprofesa 50, jina tu limebadilishwa. Profesa mwenye pesa ya mradi ana swali linalomsumbua, na anatafuta mtu wa kulifanyia kazi. Soma makala zake mbili, mwambie wewe ungeanzia wapi, kisha umpe kiungo cha programu uliyoandika ikafanya kazi. Aya tatu zinatosha.

Nanyi maswali mnayo. Mwaka 2008 watafiti wa Vrije Universiteit ya Amsterdam pamoja na SASOL walichapisha utafiti kuhusu mabwawa ya mchanga ya Kitui. Yale yale ambayo mama zetu walijenga kwa mwethya: ukuta unakatiza kijito, mafuriko yanaleta mchanga, maji yanajificha ndani yake jua lisiyafikie. Kijana wa Tulia anayejua kuandika programu na kuunganisha vihisio, na aliyechimba kisima cha mchangani kwa mikono yake, aanze barua na "nina bidii"? Aeleze jinsi ya kupima maji yaliyobaki mchangani mwezi wa Septemba, kabla mvua za Novemba hazijaja. Hapo profesa wa maji atajibu.

Na si lazima upande ndege. Taasisi ya Pan African University iliyoko JKUAT, Juja, ina PhD za uhandisi na ufadhili wa Umoja wa Afrika. Arusha kuna Nelson Mandela.

Jambo la mwisho ni barua za wadhamini. Maombi mengi ya Marekani hufungwa Desemba, na mhadhiri wetu ana mitihani ya mamia ya wanafunzi ya kusahihisha. Mwendee Septemba, mpe alama zako na maelezo ya mradi wako kwa ukurasa mmoja, kisha mkumbushe kwa heshima kila wiki mbili.